Mabenchi Kumi na Manne

Somo letu la asubuhi ya leo latoka 2 Samweli 24, mstari wa 18 hata wa 25.

Mwezi wa Julai, wakati baridi imetushika hapa Nakuru, sisi wanaume wa kanisa tulifunga safari kwenda msitu wa Mau Eburu. Tulikuwa watu tisa katika magari mawili ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, Land Rover kuukuu na pikapu ya mshiriki mmoja. Chama chetu hutoka pamoja mara moja kwa mwaka, na tukubali kwamba wengine wetu hupenda tope kuliko kikao cha maombi.

Msitu huo si mkubwa, kama hekta 8,700 hivi, juu ya mlima wa volkano karibu na Naivasha. Mlima ungali na moto chini yake. Wenyeji hukinga mvuke utokao ardhini, wakaupoza kwa mabomba, wakapata maji. Humo wamesalia bongo wachache. Tangu 2014 msitu umezungukwa na ua wa umeme wa kilomita 43 hivi, uliojengwa na Rhino Ark pamoja na serikali na wafadhili. Shirika hilo huchangiwa na mashindano ya magari yaitwayo Rhino Charge, yaliyoanza 1989. Gari letu lisingemaliza hata saa moja ya mashindano hayo.

Maana saa tisa alasiri Land Rover ilizama hata ekseli. Tulisukuma, tukavuta kwa kamba, kamba ikakatika. Ukungu ukashuka. Kijana mmoja akachukua panga akate miti michanga ya kuweka chini ya magurudumu. Hapo mzee wetu mmoja, mzee wa kanisa wa miaka mingi, akasema, "Mwanangu, weka panga chini. Hapa tumekata ya kutosha."

Akatuonyesha kisiki cha mtarakwa kando ya njia. Mtarakwa hauozi upesi, mnajua. Akasema, "Mchungaji, mabenchi ya kanisa yalitoka hapa. Mimi nilishika msumeno. Tulikuja usiku, hatukuwa na kibali wala hatukulipa senti. Tulisema ni kazi ya Bwana."

Hakuna aliyejibu. Sisi tumefundishwa chuoni jinsi ya kumsikiliza mtu akiungama, lakini hatukufundishwa la kufanya ikiwa tumeketi juu ya dhambi yenyewe kila Jumapili, tukisifu jinsi ilivyopigwa randa vizuri.

Tulibeba mawe badala ya miti, kwa mikono, muda wa saa mbili. Njia nzima ya kurudi tulimfikiria Arauna. Daudi alipotaka kiwanja chake cha kupuria, Arauna alikuwa tayari kumpa vyote bure: kiwanja, ng'ombe wa sadaka, hata vyombo vya kupuria na nira viwe kuni. Tazameni, hata kuni! Na mfalme angeweza kupokea, kwa kuwa mwenye mali mwenyewe alikubali. Lakini alikataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu, akapima shekeli hamsini za fedha. Sisi hatukumwuliza mwenyewe. Wala hatukuwa na Arauna wa kututolea; msitu ni wa wote, pamoja na watoto ambao hawajazaliwa.

Wengine kati yetu wamesema mambo ya kale yaachwe, ua umekwisha kujengwa na miti inaota tena. Wengine wamesema tupande miche. Ni vema, ila mche wa mtarakwa hukua polepole sana, na yule mzee amepita miaka sabini. Tumemwandikia afisa wa misitu barua, nayo itasomwa kwanza katika baraza la kanisa Jumamosi hii. Wako wasiotaka itumwe.

Jumapili iliyopita tuliketi kama kawaida katika mabenchi yale kumi na manne. Mzee alisimama ibada nzima, karibu na mlango.

Tuombe. Ee Bwana, tumekuletea vitu ambavyo havikuwa vyetu. Utupe ujasiri wa kuituma barua hii, na umpe mzee wetu mahali pa kuketi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.