Atokaye Gerezani Apewe Kazi



Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 humwezesha mwenye kosa dogo kutumikia adhabu yake kwa kazi za umma, akilala nyumbani kwake. Tangu 2011 Hospitali ya Muhimbili hutibu watumwa wa heroini kwa methadoni. Lakini hakimu hana shamba la kahawa la kumwajiri mtu huyo, sisi tunalo.

Basi naomba makarani na wasimamizi wetu, toka Mbinga hata Mbamba Bay, wafundishwe kuutambua ulevi wa pombe na bangi kuwa ni maradhi, kutunza siri ya mtu, na kumlipa ujira wa fedha, kamwe usiwe wa pombe.

Ngoro za Wamatengo huzuia udongo usichukuliwe na mvua. Kijana naye huzuiwa na kazi.