Adui wa Mkeka Yuko Chini Yake

(Mazungumzo kwa wanakisomo)



Leo tunataka tuzungumze habari ya mkeka. Wengine watacheka na kusema, "Mkeka nao una somo?" Ndiyo, unalo. Mgeni akipiga hodi tunamtandikia mkeka. Watoto wetu hulala juu yake. Katika nyumba nyingine jamvi refu hutandikwa toka mlangoni mpaka ndani, na kila mguu unaoingia hupita hapo.

Katika darasa moja mama mmoja alitulalamikia. Mkeka wake wa ukindu ulioza kabla ya kumaliza mwaka, na mtoto wake alipata funza miguuni hata akashindwa kwenda shule. Alisema, "Walimu, mimi nafagia kila siku." Tukaenda kutazama. Kweli, juu mkeka ulikuwa safi. Lakini tulipouinua, tulikuta vumbi la siku nyingi, na pembeni mwa ukuta kuna unyevu. Mama alifagia juu ya mkeka. Chini yake hakupagusa.

Hapo ndipo penye somo letu.

Adui wa kwanza wa mkeka ni unyevu. Mikoa yetu ya Mbeya na Iringa hupata mvua toka Novemba mpaka Aprili, na Rungwe huendelea zaidi. Sakafu ya udongo hupandisha maji. Mkeka usipoinuliwa huota kuvu, halafu huoza, kama kikapu cha milulu kilichosahauliwa mahali penye maji.

Adui wa pili ni wadudu. Watoto wa funza hukulia katika vumbi la sakafu. Funza si mwenyeji wa Afrika; asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 aliletwa na meli mpaka pwani ya Angola, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa ameshafika pwani yetu ya mashariki. Alivuka bara zima kwa miguu ya watu! Papasi naye hujificha katika nyufa, hutoka usiku kuuma watu, na huweza kuleta homa inayorudi-rudi.

Je, tufanye nini?

1. Kila asubuhi tuuviringe mkeka na kuusimamisha. Tusiukunje, maana ukindu hukatika penye mkunjo.

2. Mara moja kwa wiki tuutoe nje, tuukung'ute, na kuupigapiga kwa fimbo nyembamba upande wa chini.

3. Mkeka ukiwa nje, tunyunyize maji kidogo sakafuni ndipo tufagie, vumbi lisiruke. Nyufa tuzizibe kwa udongo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. Tuuanike juani pande zote mbili, lakini si kutwa nzima. Jua kali likizidi, ukindu hukauka ukavunjika, na rangi hupauka.

5. Ukichafuka, tuufute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Tusiuloweke. Na tusiutandike mpaka ukauke kabisa.

6. Mshono ukifumuka, tuushone siku ile ile, kabla tundu halijawa kubwa.

Wenye kapeti nao wasikae kimya. Kapeti lina vumbi kuliko mkeka. Lipigwe nje, upande wa nyuma kwanza. Lisifuliwe siku za baridi za Juni na Julai kama hakuna jua la kulikausha, maana litabaki na maji ndani na kunuka.

Kazi hii si ya mama peke yake. Jamvi refu ni zito. Baba ashike upande mmoja, mama upande wa pili.

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, halafu wakashika majembe wakachimba vyoo. Somo liligeuka kazi. Hata mama yule tuliyemtaja hakuishia kusikiliza. Alimpeleka mtoto zahanati, akaziba nyufa, akasuka mkeka mwingine. Mtoto alirudi shuleni.

Basi, ndugu zetu, leo jioni mkifika nyumbani inueni mkeka mtazame chini. Mtakachokiona hapo ndicho zoezi la wiki hii.