Mchezo wa Njiti ya Kibiriti na Mchezo wa Risasi

Wandugu wasikilizaji, wababa na wamama wa Kanyabayonga, ninyi mlio nyumbani na ninyi ambao vita ya mwaka 2024 iliwatawanya mpaka Kayna, Kirumba, Lubero, Butembo na Beni, nawasalimu wote. Nawasalimu pia wale wanaoyapata maongezi haya yakiwa yamechapwa kwenye karatasi, kwa sababu betri za redio hazipatikani kila siku na anayesoma anaweza kumsomea jirani yake.

Leo nawaomba kitu kabla ya kuanza. Tafuteni njiti mbili za kibiriti na kitambaa chenye pindo lililoshonwa. Kipande cha kitenge kinatosha. Mzazi mmoja aende pembeni, watoto wasimwone, aingize njiti moja ndani ya pindo, pale kwenye kona, mpaka isionekane. Kisha arudi mbele ya watoto na njiti ya pili. Awaonyeshe, hata waishike. Aiweke katikati ya kitambaa, akikunje, halafu amwambie mtoto mmoja: «Shika hapa, ivunje.» Lakini pale anapomshikisha ni kwenye pindo. Mtoto atavunja, na wote watasikia ule mlio wa mti ukikatika. Sasa mzazi akikunjue kitambaa na kukitikisa. Njiti itaanguka nzima.

Watoto watapiga kelele, hata baba mwenye mvi atacheka. Wakiisha kushangaa, waonyeshe pindo. Hiyo sehemu ya pili ndiyo kazi yetu ya leo, msiiruke.

Mchezo huu niliujifunza katika kitabu kidogo cha Kifaransa cha mazingaombwe, yaani michezo ya kudanganya macho, kilichoandikwa kwa ajili ya wanaoanza. Kuna mwingine ninaoupenda zaidi. Kitabu kinataka sarafu ya chuma, lakini sisi Kongo pesa yetu ni karatasi tupu, basi natumia kifuniko cha chupa ya Primus. Unakishika kwa mkono wa kuume. Unafanya kama unakipitisha katika mkono wa kushoto, na unaufunga huo wa kushoto kama umekamata kitu. Kumbe kifuniko kimebaki kuume. Je, kwa nini watu hawaoni? Si kwa sababu mkono wako ni mwepesi. Ni kwa sababu macho yako mwenyewe yanaufuata mkono wa kushoto. Mtu anatazama pale mwenzake anapotazama. Ukitazama kuume hata mara moja, mchezo umekufa. Jaribuni mbele ya kioo, mtaona ninasema kweli.

Mtaniuliza: mtu wa sheria anatuletea kibiriti na kifuniko cha bia kwa sababu gani, wakati tunalala kwenye madarasa ya masomo na shamba zetu ziko mbali? Ninawajibu. Ni kwa sababu vijana wetu wanaonyeshwa mchezo huuhuu, lakini badala ya njiti ni risasi. Wanaambiwa: ukinyunyiziwa maji haya, ukichanjwa chale hizi, risasi itakuwa maji. Na mvulana wa miaka 14, aliyeona nyumba yao ikiteketea, anataka sana kusadiki.

Basi tuuchunguze mchezo wa risasi kama tulivyochunguza kitambaa. Ni wa zamani, na usidhani ni wa Waafrika peke yao. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria mfanya mazingaombwe wake mkubwa, Jean Eugène Robert-Houdin, ili awashinde mashehe waliokuwa na nguvu juu ya watu kwa njia ya miujiza. Alikuwa na sanduku jepesi ambalo hata mtoto aliweza kulinyanyua. Alimwita mwanaume mwenye nguvu, akalinyanyua bila shida. Kisha akamwambia: sasa nimekuondolea nguvu. Mtu yule akavuta, akatoka jasho, sanduku halikutikisika. Chini ya sanduku kulikuwa na bamba la chuma, na chini ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme iliyofunguliwa na kufungwa kwa siri. Umeme, katika nchi ambako watu walikuwa hawajauona.

Baadaye, kama alivyoandika yeye mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, shehe mmoja alitoa bastola mbili na kumwambia: kama wewe huogopi, nikupige. Je, Robert-Houdin alikubali palepale? Hapana. Aliomba mpaka asubuhi. Usiku akatengeneza risasi za nta iliyotiwa masizi, zikafanana na risasi kabisa. Asubuhi shehe akapiga, na mzungu akaonyesha risasi katikati ya meno yake. Wote wakaogopa.

Shikeni neno hilo la kuomba mpaka asubuhi. Mwenye mchezo hakubali siku yako, bunduki yako, wala risasi yako. Na oneni vilevile nani aliyefaidika: serikali ya kikoloni. Ujanja huu hauna kabila wala rangi, unamtumikia yeyote anayeushika.

Hata wafundi wenyewe unawaua. Kulikuwa na Mmarekani mmoja, William Robinson, aliyejifanya Mchina na kujiita Chung Ling Soo. Alikuwa akipigwa bunduki kwenye jukwaa na kuonyesha kwamba amezidaka risasi. Bunduki zake zilikuwa zimetengenezwa kwa ufundi, risasi ya kweli isitoke kamwe. Tarehe 23 mwezi wa tatu mwaka 1918, mjini London, bunduki moja ilikuwa imechakaa ndani. Risasi ikatoka. Kesho yake alikufa. Kwa hiyo wazazi, kibiriti na kifuniko ni vya kuchezea. Bunduki hata siku moja, hata ikisemwa ni tupu, hata ikiwa risasi yake imetolewa kichwa. Baruti peke yake, ukiwa karibu, inaua.

Sasa turudi kwa majirani zetu. Katika Tanzania ya leo, mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya dawa kwa watu waliochoshwa na kazi ya nguvu katika mashamba ya pamba ya Wajerumani. Haki ilikuwa upande wao, mimi ninasema hivyo bila wasiwasi. Wajerumani walimnyonga mwezi wa nane mwaka huohuo. Mwisho wa mwezi uleule, huko Mahenge, maelfu ya watu waliikimbilia ngome yenye bunduki za rashasha, wakaanguka kama mtama. Wanahistoria wengi wanahesabu watu 250,000 mpaka 300,000 waliokufa katika vita ya Maji Maji, wengi wao kwa njaa, maana Wajerumani walichoma chakula. Njaa mnaijua, sina haja ya kuieleza.

Uganda, Alice Lakwena aliwapaka askari wake mafuta, akawaongoza kutoka kaskazini mpaka karibu na Jinja. Mwaka 1987 walishindwa huko. Na sisi wenyewe? Wasimba wa mwaka 1964 walikuwa na maji yao, na jina la Mai-Mai tunajua linatoka wapi. Hata Kasai, mwaka 2016 na 2017, watoto wa kundi la Kamuina Nsapu walipitishwa katika ibada ya moto, kisha wakapelekwa mbele ya bunduki za kweli wakiwa na fimbo mikononi.

Mtasema: kama dawa imeshindwa mara zote hizo, mbona bado inasadikiwa? Hapa ndipo kitabu changu kidogo kilinifungua macho kuliko masomo mengi ya chuo kikuu. Kinamfundisha anayeanza asitangaze mbele atakachofanya, asirudie mchezo mara mbili mbele ya watu walewale, na tena awe daima na mlango wa kutokea kama mambo yakiharibika. Mlango wa dawa ya risasi ni miko. Usiguse mwanamke. Usiibe. Usile majani fulani. Usipokee kitu katika mkono wa mtu asiyechanjwa. Usitazame nyuma. Mvulana akirudi mzima, wanasema dawa imemlinda. Akifa, wanasema alivunja mwiko. Basi mama anayelia anapewa na haya juu ya kilio chake: mtoto wake alikufa kwa kosa lake mwenyewe. Huo ni mchezo usioweza kushindwa, na mimi nauona ni mkatili kuliko yote. Wakati wa Maji Maji ilisemwa hivyohivyo.

Na yule anayepigwa risasi kwanza mbele ya vijana, ili wasadiki, ni nani? Huko Kenya kuna mchezo wa karata tatu wa barabarani unaoitwa pata potea. Mtu wa kwanza anayeweka pesa anashinda, watu wanasongamana, kila mmoja anataka kushinda kama yeye. Yule wa kwanza ni mwenzake mwenye karata. Mamlaka mengine hayahitajiki kuueleza mchezo wa risasi.

Wazee wangu, msinielewe vibaya. Sisemi juu ya miti inayotibu tumbo na homa, wala juu ya heshima ya desturi zetu za kumpokea kijana katika jamaa ya watu wazima. Wala sisemi kwamba anayetaka kulinda kijiji chake ni mjinga. Nasema juu ya kitu kimoja: kumpeleka mtoto mbele ya risasi kwa kumwonyesha mchezo.

Sheria ya Kongo juu ya jambo hili haina giza. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 2009, inayolinda mtoto, inakataza kuandika au kutumia mtu aliye chini ya miaka 18 katika jeshi, katika polisi na katika makundi yenye silaha. Kifungu cha 187 kinatoa adhabu ya kifungo cha miaka 10 mpaka 20. Haisemi kundi la upande huu ama wa upande ule, inasema yote. Na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, hukumu yake ya kwanza kabisa, mwaka 2012, ilimhusu mtu wa Ituri, jirani zetu: Thomas Lubanga alipewa miaka 14 kwa sababu ya watoto walio chini ya miaka 15. Kusema «mtoto alikuja mwenyewe» hakukumwokoa, maana majaji walisema ukubali wa mtoto si kinga kwa mkubwa.

Ninyi mashefu wa kijiji, wanyumbakumi na viongozi wa kambi, mnaweza kufanya mengi bila kugombana na mtu mwenye bunduki, na sitaki mtu yeyote agombane naye. Fanyeni jioni ya michezo. Mpeni kijana mmoja kitambaa na kibiriti, mwingine kifuniko. Kila mchezo ukiisha, siri yake ifunuliwe mbele ya wote, na wasichana wawepo, kwa sababu nao wanachukuliwa. Kisha waulizeni watoto: nani alichagua njiti? Nani alichagua mahali pa kushika? Je, mliruhusiwa kufungua pindo? Msitaje jina la kundi lolote. Mtoto akizoea kuuliza hivyo juu ya kibiriti, atauliza mwenyewe juu ya mengine, na hakuna atakayewashitaki ninyi kwa kucheza na kibiriti.

Wazazi, kijana akikataa kucheka, akisema «lakini dawa ya kweli ipo», msimpige kelele. Mwulizeni ni nani aliyemwambia, na lini. Mara nyingi jibu litawaonyesha kwamba amekwisha kufuatwa. Hapo usingoje kesho. Mwondoe mahali pale ikiwezekana, mpeleke kwa ndugu walio mbali, na uwaarifu kwa siri wale wanaolinda watoto katika parokia, katika kanisa au katika kambi yenu.

Tena, andikeni miaka ya watoto. Wengi mlikimbia mkiacha makaratasi yote nyumbani, na mtu anayechukua watoto hupenda kusema huyu ana 18. Kadi ya chanjo ya hospitali, karatasi ya ubatizo, buletini ya masomo, hata daftari ambamo shefu ameandika majina na mwaka wa kuzaliwa, vyote vinasaidia siku ya ushahidi. Katika maongezi yajayo nitaeleza namna ya kuomba mahakamani ile hukumu inayochukua nafasi ya cheti cha kuzaliwa, na mambo gani ya kubeba siku hiyo. Atakayeweza, aje na kalamu.