Barabara Mpya na Mti wa Kale



Sisi hatuipingi barabara. Mfanyakazi atokaye Mlolongo alfajiri aijua thamani ya njia iliyo wazi, na mgonjwa aijua zaidi. Lakini twaomba mpimaji asiuone mji kama karatasi tupu.

Tutazame barabara ya juu ya Nairobi, ya kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022. Mwaka 2019 watu walilalamika kwamba ingemega bustani ya Uhuru Park, ramani ikabadilishwa. Mwaka 2020 mugumo mkubwa wa Waiyaki Way ulikuwa hatarini kung'olewa. Watu wakasema, Serikali ikaamuru uachwe. Barabara ilifika, na mugumo ukabaki. Miti mingine mingi, isiyokuwa na msemaji, ilikatwa.

Basi yatupasa kusema mapema. Twaomba Kamati iandike orodha ya nyumba za kale, makaburi na miti yenye historia katika mtaa wetu, na wazee watusimulie habari zake, kabla vigingi havijapigwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kilichokwisha kubomolewa hakina wakili.