Kinyama Kisicheleweshwe

Msikilizaji, mama wa Kayole, Umoja au Dandora, hapa Eastlands, Nairobi, akigusa uvimbe kwenye titi, mara nyingi huanzia kwa muuza dawa wa mtaani. Hupewa vidonge vya kutuliza maumivu, na miezi inapita. Wagonjwa wengi wa saratani nchini hugunduliwa ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yanasema saratani iliua Wakenya zaidi ya 29,000 mwaka huo.

Kipande cha nyama kikitolewa kwenye uvimbe ule, kina mengi ya kusema. Mwilini mwetu kuna protini iitwayo p53, iliyotambuliwa mwaka 1979. Kazi yake ni kuizuia chembe iliyoharibika isizaane. Katika chembe yenye afya, protini hii huundwa na kuvunjwa upesi, hivyo huonekana kidogo sana. Lakini jeni yake ikiharibika, na huharibika katika karibu nusu ya saratani zote, protini hubadilika umbo, haivunjwi tena, inarundikana. Nyingine hushikana mabonge, kama ute wa yai ulioguswa na maji moto, na mabonge hayo huzinasa hata p53 nzima zilizosalia. Mtaalamu akitia dawa inayoishika protini hiyo, kiini cha chembe hugeuka kahawia chini ya hadubini.

Watafiti wanataka mabonge yenyewe yawe alama ya kuitambua saratani. Hiyo bado ni kazi ya utafiti. Kipimo cha rangi ya kahawia, hicho tayari kinatumika, ingawa peke yake hakitoshi: kuna saratani inayoifuta p53 kabisa, kiini kisionyeshe kahawia hata kidogo. Ndiyo maana tunamhitaji mwanapatholojia aliyefunzwa, anayesoma kipande chote.

Naye hawezi kusoma kilichooza. Kinyama kinatakiwa kitiwe kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi, mara tu kinapokatwa, kikae humo saa zisizopungua 6 na zisizozidi 72. Kikiwekwa kwenye maji matupu au chupa kavu, protini huharibika na majibu hupotosha. Sasa fikiria jamaa wa mgonjwa aliyekabidhiwa chupa, ameitia mkobani, yumo ndani ya matatu Jogoo Road, foleni haisogei, anatafuta maabara ya kulipia huko mjini. Mzigo huo si wake kuubeba.

Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ilifunguliwa mwaka 2011 kwa ajili ya mitaa hii. Viongozi hupenda kuzindua mashine kubwa. Mimi naomba bajeti ya vitu vidogo: formalini isikosekane, dawa za kupaka rangi zisiishe, wanapatholojia waajiriwe, na kinyama cha mtu wa Dandora kisomwe hapa hapa Eastlands, majibu yarudi kabla uvimbe haujasambaa. Serikali ya Kaunti ya Nairobi inaweza kulitenda hili, na wawakilishi wadi wetu wanapaswa kulidai bungeni mwao.

Nawe msikilizaji, uvimbe usiouma usiupuuze. Ukikatwa kinyama, uliza kama kimetiwa formalini, kinapelekwa maabara gani, na majibu yatatoka lini. Siku hiyo ikifika, nenda ukayachukue, na umpelekee daktari siku hiyo hiyo.