Kabla ya Kushusha Giaboksi

Gari likikataa gia hapa Kutus, neno la kwanza utakalosikia kwenye gereji nyingi ni, "Tushushe giaboksi." Mwenye gari anashtuka, anauliza bei, na kabla hajajibiwa sawasawa boliti zimeanza kufunguliwa. Msikilizaji, leo naitetea giaboksi. Mara nyingi haina kosa. Inabebeshwa makosa ya klachi, ya mafuta machafu, ya bushi zilizokwisha, na wakati mwingine ya kapeti iliyokunjamana chini ya pedali ikaizuia kufika mwisho.

Nalisema hili hapa kwa sababu eneo letu linaishi kwa gia za mkono. Hiace za Embu na Karatina, pikapu za nyanya zinazoelekea Kagio, malori ya mpunga kutoka Mwea. Gari moja hutoka kwenye tope la majaruba asubuhi, na jioni liko kwenye mlima wa Kerugoya au Kianyaga likiwa limejaa, dereva akirudi gia ya pili kila penye tuta na kila penye kona. Kazi hiyo inachosha chuma. Na gari likilala gereji siku tatu, familia nzima inahisi.

Fundi anayeijua kazi yake huanza bila spana. Anazima injini, anakanyaga klachi hadi mwisho, anaingiza gia zote, moja baada ya nyingine. Kisha anawasha injini na kurudia. Gia zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, halafu zikagoma injini ikinguruma, tatizo karibu kila mara ni klachi isiyoachia: injini bado inaizungusha giaboksi ilhali mguu uko sakafuni. Zikigoma hata injini ikiwa kimya, anafuata gia liva, kebo zake au fito zake, na bushi za plastiki zinazolika polepole hadi liva inacheza ovyo. Ndani ya giaboksi ni mahali pa kufikia mwisho. Jaribio hili lote ni la dakika chache, na halihitaji kifaa chochote.

Klachi ya magari yetu mengi husukumwa na mafuta ya breki. Kuna silinda ya juu, karibu na pedali, ambayo mafundi huiita klachi masta, na ya chini kwenye giaboksi, ambayo ni klachi slevu. Raba za ndani zikichoka, mafuta yanavuja, hewa inaingia, na pedali inakuwa nyepesi. Dereva anapampu mara mbili au tatu ndipo gia ikubali. Ukiona hivyo, inua kifuniko cha klachi masta utazame kiwango cha mafuta na rangi yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, yanageuka meusi na kuozesha silinda kwa kutu. Na tafadhali, usikubali mtu ajazie oili ya injini humo kwa sababu mafuta ya breki yamemwishia. Oili hiyo huvimbisha raba, na mfumo mzima huharibika. Kubadilisha raba au silinda na kutoa hewa ni kazi ya saa chache, giaboksi ikiwa palepale ilipofungwa.

Sasa tuseme ni giaboksi kweli. Dalili zake zinajitofautisha. Gia moja tu inasaga, mara nyingi ya pili au ya tatu, huku nyingine zikiingia vizuri. Hapo mshukiwa ni sinkro, pete ya shaba inayosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Inafanya kazi kama makanga anayekimbia kando ya matatu hadi mwendo wake ulingane na wa gari, ndipo arukie mlangoni. Pete ikilika, gia zinakutana zikiwa na mwendo tofauti, na ndipo unasikia ule mlio unaoumiza meno. Gari la kwanza kuuzwa na sinkro lilikuwa Cadillac, mwaka wa 1928. Kabla ya hapo dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia. Rivasi ya magari mengi haina sinkro hadi leo. Ikisaga kwa sababu ulikuwa na haraka, hiyo si hitilafu. Kanyaga klachi, subiri kidogo, gusa gia ya kwanza, ndipo urudi nyuma.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi: oili. Watu wanajaza giaboksi oili yoyote ya gia iliyo dukani. Oili nzito ya 140 hufanya gia ziwe ngumu asubuhi za baridi ya Julai, kisha zilegee gari likipata joto, na mwenye gari anaambiwa sinkro zimekwisha. Oili ya daraja la GL-5, iliyotengenezewa hasa difu, inaweza kuila shaba ya sinkro na kuifanya iteleze badala ya kushika. Giaboksi nyingi za gari dogo zinataka GL-4, karibu lita 2 tu. Soma kitabu cha gari. Na kama ulivuka maji marefu huko Mwea, mwambie fundi afungue nati ya kumwagia oili. Ikitoka nyeupe, maji yameingia.

Ikibidi giaboksi ishuke, basi kazi ifanywe yote. Gharama kubwa ni ile ya kushusha na kupandisha, kwa hiyo klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi zibadilishwe pamoja, na oili sili ya injini ikaguliwe. Si busara kukimbilia giaboksi ya mtumba. Ukienda kuitafuta Nairobi utaelekezwa Grogan, kwenye maduka ya vipuri. Lakini giaboksi hiyo huijui ilitumikaje, na unaweza kulipia ugonjwa uleule uliokuwa nao.

Nanyi madereva, toeni mkono kwenye gia liva mkishaingiza gia, kwa sababu uzito wa mkono hula vyuma vya ndani. Kwenye stendi yenye mteremko, shikeni gari kwa breki, si kwa nusu klachi.

Mafundi wetu wengi ni hodari, na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, hutoa mitihani ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza kwa aliyejifunzia kazi gerejini. Wengi hawaifanyi kwa sababu wateja hawaulizi cheti. Tuulize. Na fundi akitumia nusu saa kupima, kisha akakuambia giaboksi ni nzima na kasoro ni raba ndogo ya klachi, mlipe kwa nusu saa ile. Amekuokoa gharama ya kushusha giaboksi, na asipolipwa kwa kupima, mteja atakayefuata ataambiwa ishushwe.