Barua Nzuri na Ukweli Wake


Wahitimu wetu wa vyuo vikuu sasa wanaandika barua za maombi ya kazi kwa akili mnemba, kama ChatGPT iliyotolewa Novemba 2022. Si dhambi. Inasahihisha Kiingereza, inapanga wasifu, inamzoeza kijana maswali ya usaili. Lakini huweza kumtungia uzoefu asio nao, na mbele ya wasaili atajibu peke yake. Aandike aliyoyafanya kweli: kufundisha Shule ya Jumapili, kutunza hesabu za kwaya. Nayo ni kazi.

Kamati za sharika, wafungulieni kompyuta ya ofisi. Mzee mmoja asome barua kabla haijatumwa. Wafadhili wetu, changieni bando la intaneti.